Marehemu Alikuwa Anatafuna Njugu

Nchi yenyewe siitaji jina, maana hata jina haina. Ilikuwa nalo, wakalitoa kwenda kulipaka rangi, halikurudi. Na wala si nchi yetu hii. Yetu haina mambo hayo, na anayefikiri inayo na afikirie kimoyomoyo, kama tufanyavyo sote.

Katika nchi hiyo walikaa watu wa Kilimani na watu wa Bondeni. Lugha yao moja, ugali wao mmoja, hata chawa wao walihamia huku na huku bila kuulizwa kabila. Tofauti ilikuwa kwenye ukoko. Ilisemekana watu wa Bondeni hukwangua ukoko chini ya sufuria wakaula, na watu wa Kilimani huutupa. Basi. Kwa ukoko huo mtu wa Kilimani akawa waziri, akawa jaji, akawa mwalimu mkuu, na mtu wa Bondeni akawa mtu wa Bondeni. Palikuwa na wakaguzi wa serikali waliopita majikoni wakinusa masufuria. Ila watu wa Kilimani nao, Mungu anawaona, walikuwa wakifunga mlango wakikwangua, tena wakilamba vidole, kisha wakitoka nje wakijipangusa midomo na kulaani uchafu wa watu wa Bondeni.

Sheria ya nchi haikubagua, tusiisingizie. Ilisema muuaji anyongwe, awe wa juu, awe wa chini. Iliyobagua ni kamba. Kile kitanzi kilipofungwa mara ya kwanza kilipimwa kwa shingo ya mtu wa Bondeni, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, na tangu hapo wataalamu wakathibitisha kwamba shingo ya Kilimani haikai vizuri mle. Itateleza, au itachubuka. Na serikali yenye huruma haimchubui raia wake.

Pazi alizaliwa Bondeni, akakuzwa kwa ukoko huohuo, na kazi yake ilikuwa utani wa msibani.

Maana zamani, kabla ya mambo ya mawaziri, Kilimani na Bondeni walipigana mpaka mikuki ikaisha, wakaketi chini wakala yamini: tangu leo hatuuani tena, tutatukanana tu. Wakawa watani. Akifa mtu wa Kilimani, mtani wa Bondeni anakuja amevaa suruali ya marehemu nyuma mbele, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anawaambia wafiwa yale ambayo jirani hathubutu. Na hakuna kukasirika. Akikamata kitu, kuku au mkeka au mkono wa mtu, ni chake mpaka yeye mwenyewe akubali kukiachia. Kisha anaruka kaburini, analala pale kama nyumbani kwake. Akiwa mle haguswi. Hutoka kwa hiari yake. Na kaburi halifungwi mtani akiwa bado ana neno. Ukilifunga kwa nguvu, ukoo mzima unafuata, mmoja leo, mmoja kesho, kama shanga uzi ukikatika.

Watu walidhani Pazi ni shujaa kwa kulala makaburini hivyo. Kumbe alikuwa mwoga kupindukia. Akichinja kuku alifumba macho yeye, akambembeleza na kuku afumbe yake. Alitania kwa sababu alipoogopa mdomo wake ulikimbia wenyewe.

Mtani wake wa damu alikuwa Mfaume wa Kilimani, mtu mnene, mpole, asiyekosa njugu mfukoni. Walikuwa wakiitana maiti tangu wakichunga mbuzi.

"Maiti, hujazikwa tu?"

"Nakungoja wewe utangulie, mla ukoko, unipashie udongo moto."

Na mama yake Mfaume, Bi Nyamvula, aliwazidi wote wawili kwa ulimi. Akimwona Pazi anakuja alifunika chungu kwa upawa. "Ficheni ukoko, mwenyewe kaja!" Kisha akamkatia kipande kikubwa kuliko cha mwanawe.

Sasa siku moja Waziri wa Haki na Burudani (zilikuwa wizara moja, kwa kubana matumizi) alihudhuria mazishi ya mkubwa mwenzake. Pazi akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea: tumbo mbele, mkono mmoja nyuma, kiganja wazi kikipokea kitu. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Waziri akajitazama. Tumbo lake mbele. Mkono wake nyuma.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba utani umefutwa kwa faida ya umoja wa taifa, na kwamba kuanzia hapo raia atacheka kwa kibali. Watani wakaanza kupungua. Wengine walivuka mpaka. Wengine walikutana na kamba kwa makosa mengine kabisa, na lilikuwa jambo la ajabu jinsi makosa mengine yalivyowafuata watani peke yao. Akabaki Pazi. Akafunga mdomo, akalima mihogo, na akaanza tabia ya kushikashika shingo yake kila alipoamka, kuona kama ipo.

*

Nchi rafiki za ng'ambo zikanung'unika kwamba kunyonga kumezidi. Waziri akaumia sana moyoni, maana alikuwa mtu wa kupenda sifa. Akafikiri, akapata dawa: watapiga sinema moja ya mtu ananyongwa, iitwe *Jasho la Kitanzi*, izungushwe nchi nzima kwa gari lenye spika. Watu wote waogope mara moja tu, na kamba ipumzike.

Akaitwa Bwana Picha, kijana aliyesomea sinema mbali, aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Hadithi ikatungwa wizarani: mtu wa Bondeni anamuua mtu wa Kilimani kwa ajili ya mbuzi, ananyongwa, taifa linafurahi. Wa kuuawa alipatikana upesi. Mfaume aliambiwa kazi ni kulala chini tu, akasema hiyo anaiweza. Wa kuua hakupatikana. Wakaenda Bondeni na kipaza sauti: anatakiwa mtu mwenye uso wa hatia.

Pazi alikwenda kwa sababu mihogo ilikuwa imeliwa na nguruwe, na mkewe Tatu alikuwa anamtazama bila kusema kitu, ambayo ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kutazamwa na mke.

"Cheka," alisema Bwana Picha.

Pazi akacheka.

"Hapana. Umekosa."

"Nimekosa nini, bwana? Mimi nimekuja tu, sijamgusa mtu!"

"Huo! Huo hapo! Uso huo usiubandue!"

Kazi ikaanza, na kwa siku za mwanzo Pazi alisahau kuogopa. Panga lilikuwa la ubao. Mfaume aliuawa mara nyingi asubuhi moja, na kila akiuawa aliomba aangukie upande wenye kivuli. Mbuzi naye alikataa kugombaniwa. Alikula njugu za marehemu mfukoni, marehemu akafufuka akamkimbiza.

"We maiti, lala!" Pazi alimpigia kelele. "Hata kufa unafanya kwa awamu!"

"Na wewe ua vizuri, mla ukoko. Mkono kama unapaka mkate siagi!"

Wapiga picha wakacheka, kisha wakakumbuka hawana kibali, wakanyamaza wote kwa pamoja.

Halafu Pazi akaona jukwaa la kunyongea. Alitegemea maboksi na rangi. Akalipapasa, likamjibu kwa ubaridi. Lilikuwa la mvule.

"Fundi, hili si la sinema?" akauliza.

"La sinema."

"Mbona mvule?"

"Serikali haijengi kwa maboksi, kaka. Likianguka tutasema nini?"

"Na kamba?"

"Kamba ileile."

"Ileile ipi?"

Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Aliitema kiganjani, akamtazama Pazi shingo, kisha upesi akatazama pembeni, kama mtu aliyechungulia chumba cha wakwe. Siku hiyo Pazi hakula.

*

Kabla ya kupiga kipande cha mwisho, Bwana Picha alimwonyesha Waziri kazi ilipofikia. Walifunga mapazia mchana, wakamwekea Waziri kiti cha mito. Panga la ubao lilipopanda na kushuka, Waziri alishika kifua. Mfaume alipoanguka, Waziri alilia machozi. Taa zilipowashwa alikuwa amesimama.

"Huyo muuaji yuko wapi?"

"Yuko nje, Mheshimiwa, anakunywa chai. Ni mwigizaji."

"Anakunywa chai! Ameua mchana kweupe, anakunywa chai!"

"Mheshimiwa, ni sinema."

"Kijana," alisema Waziri, na sauti yake ikawa ya upole, ile ya kuogopesha. "Nimeona kwa macho yangu. Macho ya Waziri ni macho ya taifa. Au unasema taifa lina makengeza?"

Bwana Picha akavua miwani kwa mara ya kwanza, akaifuta, akairudisha. Akasema taifa halina makengeza. Pazi alikamatwa kikombe kikiwa mkononi.

Kesi haikuchukua muda, kwa kuwa shahidi alikuwa turubai la sinema. Walilitundika mahakamani, wakamwonyesha Jaji picha ya Pazi akipandisha panga. Pazi alisimama kizimbani, akamtafuta Mfaume kwa macho. Alikuwepo, benchi la nyuma, anatafuna njugu. Mfaume akasimama, kofia mkononi.

"Mheshimiwa Jaji, samahani. Niliyeuawa ni mimi. Na nipo."

Jaji akamtazama kwa huruma. "Marehemu aketi. Ushahidi wa marehemu haupokelewi. Angekuwa hai tungemsikiliza, lakini angekuwa hai kesi hii isingekuwepo, na kesi ipo."

Watu wakatikisa vichwa kwa elimu ile. Mfaume akataka kuongeza neno. Askari akamwinamia sikioni akamweleza kwamba taifa limeshamtangaza shujaa, limeshamwandalia kaburi, na kwamba kujifanya hai baada ya kufa ni kuihujumu serikali, kosa ambalo nalo lina kamba yake. Mfaume akaketi. Njugu zikamkwama, akakohoa. Jaji akasema kikohozi hicho kisiingie kwenye kumbukumbu.

Pazi akahukumiwa kunyongwa. Na kwa kuwa sinema ilikuwa inangoja mwisho wake, ikaamriwa mambo hayo mawili yafanywe pamoja.

Bwana Picha akaja gerezani, macho yanang'aa nyuma ya miwani. "Pazi, unajua bahati uliyopata? Waigizaji wakubwa huota nafasi kama hii."

"Bwana Picha, nitakufa."

"Ndiyo. Lakini katika mwanga mzuri. Nimeomba iwe asubuhi."

Tatu naye akaja, amefunga kipande cha ukoko kwenye pindo la khanga. Akakipenyeza kwenye nondo. Akasema, "Niambie neno, baba watoto. Hata la upuuzi."

Pazi akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Kuna woga unaokimbiza mdomo, na huo aliuzoea. Sasa akaujua wa pili, unaokaa nyuma ya ule wa kwanza, unaoufunga mdomo na kutupa ufunguo. Tatu akangoja, kisha akaondoka akitembea kinyumenyume ili asimpe mgongo. Pazi akabaki na ukoko mkononi.

*

Mpango ulikuwa mzuri. Mfaume azikwe kwanza kwa heshima zote, jukwaa la mvule lisimamishwe kando ya kaburi, na hapohapo muuaji anyongwe, shujaa aone. Jeneza likajazwa viazi vitamu kwa kukisia uzito wa marehemu. Wakaviongeza mara kadhaa, maana Mfaume alikuwa amenenepa kwa wasiwasi.

Bi Nyamvula ndiye aliyeharibu. Afisa alipokwenda kumwarifu saa ya maziko, alimkuta anapepeta mchele.

"Mtani ni nani?" akauliza.

"Hakuna mtani, bi mkubwa. Utani ulifutwa."

"Mwanangu hazikwi bila mtani."

"Lakini bi mkubwa, mwanao si yule pale mlangoni?"

Bi Nyamvula akaweka ungo chini. "Si mmesema amekufa? Mmeniletea bendera, mmeniletea khanga nyeusi. Basi kama amekufa, amekufa kweli, na aliyekufa kweli anataka mtani. Au leo unaniambia hakufa? Sema kwa sauti, nami nikatangaze kwamba afisa mzima amesema hakufa."

Afisa akarudi alikotoka.

Waziri aliposikia hakugomba. Aliketi. Maana kulikuwa na jambo ambalo Kilimani wote walilijua na hakuna aliyelisema. Tangu utani ufutwe, mtu wa Kilimani hakuthubutu kuzika. Mchana walishangilia amri, lakini likija la kufunga kaburi bila mtani mikono iliganda. Nyumba za baridi za hospitali zilikuwa zimejaa wakubwa waliosubiri. Mama mzazi wa Waziri alikuwa mle, amelala kwenye barafu tangu masika. Redio ilisema amesafiri. Na mtani aliyebaki nchi nzima alikuwa mmoja, naye ndiye ananyongwa.

Kiliwekwa muhuri kibali cha kutania cha asubuhi moja.

Pazi alitolewa gerezani na pingu mikononi. Umati ulikuwa umejaa mpaka kwenye mawe, Kilimani upande huu, Bondeni upande ule, katikati kaburi jekundu likiwa wazi, na kando yake jukwaa na kamba ikitikisika kidogo ingawa upepo haukuwepo. Kamera zilikuwa tatu. Mfaume alisimama safu ya mbele kando ya mama yake, kwa kuwa ni utovu wa adabu kukosa mazishi yako mwenyewe.

Waziri akahutubia. Akasema marehemu alikuwa nguzo. Akasema damu yake haitamwagika bure. Nguzo ikatafuna njugu kwa siri. "Sasa," akasema Waziri, "mtani afanye kwa kifupi."

Pazi alisimama ukingoni. Mdomo ulikuwa umefungwa vilevile, ulimi umelala kama gunia. Akatazama kamba, akatazama shimo. Bi Nyamvula akamtazama.

"Huyu ndiye mtani?" bibi akasema kwa sauti. "Huyu? Afadhali mngeniletea mbuzi!"

Kitu kikafunguka.

"Mama Nyamvula," Pazi akasema, "nakupa pole. Mwanao alikuwa mvivu mpaka roho yake imeona uvivu kutoka."

Kicheko kikapasuka upande wa Bondeni, kikafuatwa na kimoja upande wa Kilimani, kikafichwa kwenye kiganja.

"Watu wa Kilimani mna mambo! Mnazika viazi, mnaunyima mdomo! Babake Mfaume alikuwa na adabu, alikufa mara moja tu. Huyu kaja na kula kwenye matanga yake mwenyewe!" Na hapo hapo, kabla hajajua anafanya nini, miguu ya mwoga ikamtupa ndani ya kaburi.

Udongo ulikuwa baridi. Akajilaza chali. Juu aliona mbingu ya mstatili na uso wa Waziri pembeni yake. Na akiwa amelala pale, moyo unampiga kama mchi, likamjia wazo ambalo halikuwahi kumjia katika makaburi yote aliyolala: humu siguswi.

"Toka sasa," akasema Waziri. "Kibali kinakwisha."

"Bado nina neno."

"Mtoeni!"

Askari walikuwa vijana wa Kilimani. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mheshimiwa, mimi nina mama." Wa pili akasema ana mama na shangazi. Bunduki zikashushwa polepole, kama zimechoka zenyewe.

Waziri akapiga goti ukingoni, suti yake ikashika udongo. Akanong'ona, na harufu ya manukato ikashuka kaburini.

"Pazi. Sikiliza, ndugu yangu. Una akili wewe. Toka, kesho unizikie mama, na mimi nakusamehe. Nakufanya mtani wa serikali. Utakuwa na koti."

"Na kamba, Mheshimiwa?"

"Kamba itapata mtu. Sinema lazima iishe, Baba wa Taifa anaingoja."

"Mtu gani?"

Waziri akatabasamu kama mtu aliyepata hesabu ngumu. "Marehemu. Yule. Ameshakufa, hana cha kupoteza. Hakuna sheria inayokataza kumnyonga marehemu, nimeuliza. Na shingo si tatizo. Mkaguzi ameikuta sufuria yake imekwanguliwa. Kuanzia leo mchana ni mtu wa Bondeni."

Pazi aliinuka. Na tusimsifie uongo: mkono wake ulikuwa umeshashika ukingo wa kaburi, mguu umeshatafuta pa kukanyaga. Alitaka kuishi. Alitaka koti. Kichwa kikatokeza juu ya udongo, na kitu cha kwanza alichokiona, usawa wa macho, ni viatu vya Mfaume, na juu ya viatu Mfaume mwenyewe, hajasikia neno, anachagua njugu iliyo nzuri kiganjani. Akamwona Pazi anamtazama. Akamtupia ile nzuri.

"Chukua, maiti," akasema. "Usife njaa."

Njugu ikamgonga Pazi kwenye paji la uso.

Akanyoosha mikono yote miwili na pingu zake, akamkamata Mfaume kifundo cha mguu, akavuta. Mtu yule mnene akashuka kaburini kama gunia la chumvi, vumbi likapanda mpaka kwenye kamera.

"Nimekamata!" Pazi akapiga yowe, na yowe lenyewe lilikuwa karibu na kilio. "Mtani akikamata ni chake! Huyu maiti ni wangu, simwachii mpaka nitake mwenyewe!"

"Umenivunja kiuno, mwendawazimu!" Mfaume akalalama chini.

"Nyamaza, ukae chini, wanataka kukunyonga."

"Mimi? Si nimekufa?"

"Ndiyo sababu."

Pazi akahisi mwili ule mkubwa unaanza kutetemeka ubavuni mwake, na kwa vile mbavu zao zilikuwa zimebanana, hakujua tena tetemeko lipi ni lake.

*

Juu wakashauriana. Waziri akataka watu watawanywe, hawakutawanyika. Bwana Picha akaambiwa azime kamera, akasema ameagizwa apige mpaka mwisho, na mwisho bado. Hatimaye akaletwa mzee wa sheria, akavaa miwani yake, akafungua kitabu cha mila, akakuta njia.

"Mila inasema kaburi halifungwi mtani akiwa na neno," akasoma. "Haisemi kitu juu ya mtani aliyeishiwa neno. Akinyamaza, amemaliza. Lifungwe na vilivyomo."

Waziri akauliza kama laana itakuwepo. Mzee wa sheria akasema kwa maoni yake, haitakuwepo. Wakaitwa wanaume wenye makoleo, wakapangwa pande zote nne. Wakangoja.

Basi Pazi akasema. Alimtukana Mfaume, akatukana mababu wa Mfaume, akatukana jeneza, viazi, jukwaa, akaigiza Waziri anavyopiga goti. Watu hawakucheka sasa. Walimsikiliza kama mtu anavyosikiliza pumzi ya mgonjwa. Jua likapanda. Hakuna aliyempa maji. Sauti ikaanza kukwaruza, ikawa ya mzee, ikawa ya kunong'ona. Mfaume alimpenyezea matusi sikioni, naye hakuwa na kipaji.

"Mwambie... mwambie baba yangu alikuwa na masikio makubwa."

"Nimeshasema."

"Sema tena. Yalikuwa makubwa kweli."

Halafu Pazi akafungua mdomo na ule woga wa pili ukawa umerudi, umeketi juu ya ulimi. Hakuna kitu. Akashika shingo. Ipo. Akatazama mbingu ya mstatili. Kwenye kila upande wake likatokea koleo, na kwenye kila koleo udongo. Punje za kwanza zikamwangukia usoni. Mfaume akamshika mkono, akafumba macho. Pazi aliyazuia yake yasifumbe, akashindwa.

Kukawa kimya kiasi cha kusikia kamba inavyolia kwenye mvule.

"Wewe Pazi!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee.

"Wewe Pazi, mla ukoko! Umelala kwenye kaburi la watu kama umelipia! Hata kaburi umelijaza matako!"

Makoleo yakasita. Mzee wa sheria akapekua kitabu chake. Utani ni wa watu wawili, hilo kila mtu analijua. Neno likirushwa kwa mtani, mazungumzo yanaendelea.

"Na wewe Mama Nyamvula," mwanamke mwingine akajibu, na Pazi akaijua sauti ya Tatu, upande wa Bondeni, nayo imejaa machozi, "ukoko unaoulaani unaula umefunga mlango! Tunakunusa mpaka huku!"

Askari wa karibu akamgeukia. Hakuwa na kibali. Wala Bi Nyamvula hakuwa nacho. Tatu akajifunika uso kwa khanga, lakini hakunyamaza. Na mahali fulani nyuma, Kilimani, mwanamume asiyeonekana akasema haraka, kama anayetupa jiwe na kujificha, "Bondeni mnanusa kwa kuwa pua zenu ni milango!" Na mwingine akamjibu. Na mwingine. Walikuwa wanaogopa wote. Walisema wakiangalia chini, midomo haifunguki sana, kila mmoja akitaja tusi lake dogo kama mtu anavyoweka kijiti motoni moto usizimike, kisha akimtazama jirani yake kama atasema au ataripoti.

Waziri alisimama katikati, tumbo mbele, mkono mmoja nyuma, anageuka huku, anageuka kule, na hakuna aliyemtukana yeye. Hilo ndilo lililomtia hofu.

Makoleo yalikuwa bado juu. Udongo wake ulikuwa unamwagika kidogokidogo, kwa vile mikono iliyoyashika ilikuwa ya watu.

Chini, Pazi akatema mchanga. Akameza mate ambayo hayakuwepo. Akamgusa Mfaume ubavuni.

"Maiti," akanong'ona, "baba yako masikio yalikuwa makubwa kiasi gani?"

Mfaume akafumbua jicho moja. Akaonyesha kwa mikono.

Pazi akavuta pumzi, akaanza tena.